Kidonge Kilichomleta Marehemu

Ukikosa usingizi katika vilima hivi vya Manga, kila mtu anageuka daktari. Mmoja atakuambia unywe maziwa ya moto. Mwingine atakuambia ugeuze kitanda, kichwa kielekee mlangoni. Mama mmoja wa kanisa letu alinishauri nilime mpaka jua lizame, eti mwili ukichoka hauna ujanja. Niliyafanya yote. Nililima, nikanywa maziwa, nikageuza kitanda mpaka nikawa najigonga ukutani nikiamka, na bado nikawa namsikia jogoo wa kwanza kila siku kama mtu aliyeajiriwa kumsubiri.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanawake tuliokuwa tunakaa nao kwenye benchi la kliniki mjini Kisii. Tulikuwa mchanganyiko, Wakisii na Wajaluo, na lugha yetu ya kuulizana hali ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo naandika kwa Kiswahili. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu sokoni Birongo, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Dawa inavyofanya kazi kichwani, muulize mwenye koti jeupe. Mimi nitakueleza ilivyokuwa kuimeza, na ilivyokuwa kuiacha.

Mume wangu Ombati alianguka shambani akichuma chai, wakati wa masika, na kabla hatujamfikisha barabarani alikuwa ameshatutoka. Tulimzika kwenye mvua. Wageni wa matanga walipoondoka, usingizi nao ukaondoka nao. Nilivumilia mpaka mvua zikaisha. Siku moja ya soko, nikiwa Keumbu kununua vifungo na uzi, nikaingia duka la dawa. Mama aliyekuwa kaunta aliniuliza kama nina presha, nikasema sina, akanipa vidonge vyeupe. Jioni hiyo nilimeza kimoja na nikalala fofofo. Niliamka jua limeshapanda, ng'ombe analia zizini, na nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mwanzoni sikuota kitu. Kisha Ombati akaanza kuja.

Zile hazikuwa ndoto za kawaida, ambazo ukiamka zimeshakimbia. Hizi zilikuwa na rangi, na mikono yake ilinuka majani mabichi ya chai. Alikuja dukani kwangu, akavua kofia mlangoni, akasema, "Mama Evans, nipime koti." Nilichukua tepu na kumpima mabega. Nikigeuka kuandika, nikirudi kwake, mabega yamepungua. "Nipime tena," anasema. Kila nikipima alikuwa mdogo kuliko mara ya kwanza, mpaka mikono ya koti ikawa inaburura chini, naye ananitazama kwa upole, anangoja.

Niseme ukweli, nilifurahi. Jua likizama tu nilikuwa nimeshafunga mlango. Nilikuwa simezi tena kwa ajili ya usingizi, nameza ili nimwone mume wangu. Kama nawe unameza kwa sababu hiyo, mimi siwezi kukucheka. Najua utamu wake.

Sasa nikueleze kuhusu shemeji yangu. Kaka mkubwa wa Ombati tunamwita Baba Ogeto. Ogeto alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, kijana wa bodaboda, akafa kwenye ajali kabla hajaoa. Mtoto hayupo tena lakini baba amebaki na jina hilo, na kila anayemsalimu anamkumbusha. Kwetu mtoto anayezaliwa hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Lakini wazee wa boma letu wanashikilia kwamba kijana aliyekufa bila mke wala mtoto harithiwi jina hivi hivi. Lazima kwanza amtokee mtu wa nyumba hiyo ndotoni, aombe mwenyewe. Ogeto hakuwahi kumtokea mtu yeyote. Baba yake amelala miaka mingi akimsubiri.

Mvua za vuli zilipoanza, Mercy, mke wa mwanangu Evans, alishika mimba yake ya kwanza. Asubuhi moja Baba Ogeto alipita kwangu kunywa chai, nami, kwa kuzoea tu, nikamsimulia ndoto ya koti. Aliweka kikombe chini.

"Anapungua?"

"Anapungua."

"Mpaka anakuwa saizi gani?"

"Saizi ya mtoto."

"Ee Nyasae, Mungu wetu!" akasema. "Si unaona anataka kurudi? Sasa sikia, Mama Evans. Huko si wako pamoja? Leo akija, muulize Ogeto yuko wapi. Mwambie amlete."

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kabla sijakamua. Haniulizi nimelalaje wala nimeamkaje. Ni salamu tu, "Bwakire, Mama Evans, leo umeona nini?" Huyu ni mzee wa kanisa, jamani. Siku ya Sabato anasimama mbele yetu akifundisha kwamba wafu wamelala tu, hawajui linaloendelea, na Jumapili asubuhi yuko mlangoni kwangu kuuliza marehemu wamesema nini. Nilikuwa namtania kwa hilo, naye anacheka kidogo, lakini macho yake hayacheki. Yanangoja jibu. Nami nikawa naongeza. Kidonge kimoja kiliposhindwa kunilaza, nikameza kimoja na nusu, kisha viwili.

Mwili ulianza kunidai. Asubuhi ulimi ulikuwa mzito na mdomo una ladha ya sarafu. Miguu ilikuwa yangu lakini hainisikii. Nikiteremka kwenda Birongo nilishika miti ya watu njiani. Msimu wa sare, shule zikikaribia kufunguliwa, nilimshonea mtoto wa jirani suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto. Mama yake aliileta akicheka, mimi nikacheka, kisha akaenda na mimi nikakaa nikiitazama ile suruali kwa hofu. Miaka yote hiyo kwenye cherehani, kitu kama kile hakijawahi kunitokea.

Halafu nikalala kazini. Mguu uko kwenye kanyagio, kitambaa kiko chini ya sindano, na mimi nimelala mchana kweupe. Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Mbaya zaidi ni kwamba sikuamka mara moja. Niliamshwa na mama wa duka la jirani, muuza mboga, aliyeona damu kwenye kitambaa cheupe cha kwaya.

Mercy ndiye aliyenifunga kidole jioni ile. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Ni msichana mpole, hajawahi kunijibu vibaya, na alisema bila kuniangalia usoni, "Mama, nilikuwa nimepanga nikirudi kazini, mtoto abaki na wewe. Lakini siwezi. Siwezi kumwachia mtoto mtu anayelala hivi. Nisamehe."

Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama maneno yale ya adabu. Mjukuu wangu wa kwanza, na mimi nyanya yake siaminiki kumshika! Nililia, kisha nikanawa uso, nikamwambia, "Mtoto huyo nitambeba. Utaona." Kesho yake nilipanda gari la kwenda Kisii.

Benchi la kliniki ile ni la mbao, refu, na foleni yake inapungua kwa kusogea. Unakaa mwisho, kila mtu akiitwa mnasogea, mnasogea, mpaka ubao unakujua. Pale ndipo nilipokutana na Mama Akinyi, Mjaluo anayeuza samaki mjini. Yeye alianza vidonge baada ya upasuaji, na katika ndoto zake maji ya ziwa yalikuwa yanaingia nyumbani, yanapanda mpaka kwenye picha za ukutani. Tulisimuliana ndoto zetu pale mpaka watu wakageuza shingo.

"Nyinyi Wakisii na wafu wenu," akanitania.

"Kwani nyinyi mko aje?"

"Sisi? Sisi tumewashinda!" Tulicheka mpaka karani akatuangalia vibaya. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mazishi.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye haraka, lakini alinisikiliza. Aliniambia, "Mama, usiache hii dawa ghafla, utaumia. Tutapunguza kidogo kidogo. Na nikuambie mapema, ndoto zitakuwa mbaya kabla hazijatulia. Zikija, ujue ni mwili unazoea."

"Na mume wangu?" nikauliza.

Aliweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Kuhusu mume wako mimi siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba hizi dawa huwapa watu ndoto kali, hata watu ambao hawajafiwa."

Nilimkasirikia. Nilitoka pale nikihisi Ombati amekufa mara ya pili. Lakini nilikuwa nimeahidi, na mimi nikishaahidi gauni la kwaya kwa Sabato fulani, litakuwa tayari Sabato hiyo.

Nilikata vidonge kwa wembe ninaotumia kufumua mishono. Kwanza nilipunguza kipande kidogo, nikakaa hapo mpaka mwili ukatulia, kisha kingine. Daktari alikuwa amekataza pia chai baada ya saa sita mchana. Hebu fikiria, kumkataza mtu wa Manga chai, na imezunguka nyumba yake pande zote! Hilo nalo nililitii.

Masika yakarudi na mimi niko nusu ya dozi, na hapo ndipo moto ulipowaka. Nilitokwa jasho hadi shuka inakamulika. Mikono ilitetemeka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, kazi ninayoifanya macho yakiwa kwingine. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu kwenye kiti. Na Ombati akabadilika. Alikuja amevaa lile koti ambalo sijalimaliza, limeloa, analichana mishono kwa kucha huku akinifokea kwa lugha nisiyoijua. Mara nyingine tepu ilikuwa shingoni mwangu na yeye ndiye anayepima.

Nilikosea kumwambia Baba Ogeto. Au sikukosea, maana nilikuwa naogopa na nilihitaji kumwambia mtu. Alisikiliza yote, akasema, "Unaona? Amekasirika. Unamfungia mlango."

Jumapili iliyofuata alikuja na kuketi nasi, mimi na Evans na Mercy. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga kelele.

"Mama Evans, mimi sikuombi kitu kikubwa. Rudia dawa yako mpaka mtoto azaliwe tu. Labda huyo kijana yuko njiani, anakuja nyuma ya ndugu yangu. Ukifunga sasa, nani mwingine atamwona? Mimi nimejaribu. Mimi silali, na nikilala sioni kitu."

Evans akasema, "Baba mkubwa, mama alijidunga sindano na hakuamka. Akianguka kwenye moto je?"

"Mimi naongea na mama yako."

Nilimwonea huruma, wallahi, kama wasemavyo watu wa soko. Lakini nilikuwa nimechoka pia, na huruma yangu ikatoka na ukali. Nikamwambia, "Baba Ogeto, mimi si simu ya kuwapigia marehemu. Na kama ni simu, basi chaji imeisha." Alisimama, chai yake imejaa kikombe, akatoka. Masika yote yakapita ananisalimu kutoka ng'ambo ya njia, kwa mkono tu. Watu wa boma wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wa Mercy akipata shida, wanajua ni nani amewaudhi wenye kaburi.

Nilimweleza Mama Akinyi yote hayo kwenye benchi. Alikuwa mbele yangu, alishafika robo ya kidonge, na maji ya ndotoni yalikuwa yamerudi mpaka kizingitini.

"Si umwambie tu umemwona huyo kijana?" akasema. "Neno moja, mzee apone. Dhambi iko wapi?"

Njia nzima nilikuwa nalifikiria neno hilo. Nilishamvalisha Ogeto hata nguo, shati la buluu lililoshonwa na mimi, nimsimamishe mlangoni aseme, "Mwambieni baba aniite." Lilikuwa jambo rahisi kuliko kupindua kola. Lakini nilimjua Baba Ogeto. Angeniuliza, alikuwa amenenepa? Alisema nini kunihusu mimi? Alikuwa na kovu la ajali? Kila asubuhi ningemtungia mzee mtoto wa uongo, na mimi ningebaki mwotaji wa boma mpaka nife. Nilipofika Birongo nilikuwa nimeshaamua. Sitasema nimeona kitu ambacho sijaona.

Kama uko katikati ya safari hii, nikuambie ni vitu gani vilinivusha, maana havikuwa vikubwa. Mercy alinikanda miguu kwa mafuta jioni, tumbo lake likimzuia kuinama vizuri. Mwenye gauni la kwaya niliyemshonea kola ikaenda upande alilivaa vivyo hivyo, akasema Mungu anaangalia moyo, haangalii kola. Mama Akinyi aliniwekea nafasi kwenye benchi kwa kuweka mkoba wake wa samaki, na hakuna aliyethubutu kuusogeza. Shika vitu kama hivyo. Na usiache ghafla, na usimwache daktari njiani kwa sababu ndoto zimekutisha. Zinatisha, ndiyo. Zinachoka pia.

Mimi nilimeza chembe ya mwisho mahindi yakiwa yamebeba mbelewele. Siku kadhaa karibu sikulala kabisa, nikajisemea nimerudi nilipoanzia. Kisha Sabato moja, baada ya kanisa, nilikaa kwenye kiti nje nikichambua managu. Nilipofumbua macho, kivuli cha nyumba kilikuwa kimevuka ua na kuku walikuwa wamekula nusu ya mboga. Nilikuwa nimelala. Bila kidonge, bila ndoto, bila Ombati. Nilifurahi, kisha huzuni ikanipiga ghafla nikalia palepale na sufuria mapajani, kwa sababu nilijua hatakuja tena kupimwa. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli, na sikujaribu kuchagua moja.

Mtoto alizaliwa kwenye baridi ya Julai, mvulana, salama salimini. Mercy alipotoka hospitalini nilimpokea mimi mlangoni na kumbeba mjukuu kutoka lango mpaka kitandani, na mama yake alinikabidhi bila kusita. Mikono yangu haikutetemeka.

Usiku na mchana mtoto alilia. Wazee wetu husema mtoto analilia jina lake, likiitwa lenyewe hunyamaza. Kila mtu alijua litakuwa jina la babu yake, Ombati, maana ndilo lililokuwa karibu, na mimi nililitamani kuliko wote. Kulisikia likiitwa tena uani kwangu! Lakini nilikaa na Evans na Mercy kwanza, nikawaambia ninachofikiri. Evans akauliza,

"Na jina la baba?"

"La baba yako litangoja. Kwani mmeshafunga duka?"

Mercy akaficha uso kwa leso, akicheka. Evans akakubali.

Ukoo ukakusanyika. Baba Ogeto alikuja, akakaa karibu na mlango kama mgeni, kofia magotini. Mtoto alikuwa analia mikononi mwangu. Mzee mmoja akasema tuanze, na hapo Baba Ogeto akainua kichwa akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Evans, kuna neno lolote?"

"Hakuna," nikamwambia. "Nalala vizuri siku hizi. Sijamwona mtu."

Akaitikia kwa kichwa, akaangalia kofia yake.

"Hakuna aliyenijia," nikaendelea, "na hakuna aliyeomba. Ninayesema ni mimi, mama wa nyumba hii, nikiwa macho. Mtoto huyu aitwe Ogeto."

Mzee akakohoa. "Lakini yule kijana hajaomba mwenyewe."

"Baba yake amemwombea miaka yote hii. Inatosha."

Hakuna aliyepinga. Nilivuka chumba nikamwekea Baba Ogeto mtoto mikononi. Alimshika vibaya, kwa woga, kama mtu aliyepewa kikombe kilichojaa hadi mdomoni. 

"Ogeto," akaita.

Mtoto akazidi kulia.

"Ogeto, baba. Nyamaza."

Wapi! Alikunja ngumi na kupiga yowe mpaka kuku wakatawanyika uani. Wanawake wakanitazama, wengine wakitikisa kichwa. Baba Ogeto akainua uso, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na nikaona anacheka.

"Ni yeye," akasema. "Hata yule hakuwa ananisikia."